Nilichokikata Kwenye Hotuba ya Maganga

Masuguru, Korogwe

Mwanangu Zuhura,

Nimekuona ukila ukashiba, nawe umeniona mzima, kwa hiyo salamu tuzihesabu zimekwisha. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, katikati ya kanga alizokukunjia mama yako, mahali ambapo hutafika kabla basi halijafika Segera. Nafanya hivyo makusudi. Ukiisoma ukiwa bado nyumbani utanifuata nayo barazani na kuanza kuniuliza maswali. Mimi ni hodari wa kuuliza, si wa kujibu.

Mambo ya nauli, ya kufunga mlango na ya kutokula vya njiani, mama yako ameyamaliza. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema jioni hii ukichambua dagaa: "Nikishapewa meza tu pale gazetini, kitu cha kwanza naingia chumba cha magazeti ya zamani. Nitamfukua huyo Mwandishi Wetu. Nimemwahidi Mtani."

Mama yako alicheka. Mimi niliomba chumvi.

Mwandishi Wetu ni mimi.

Nimeandika habari kwa miaka ishirini na sita na najua kwamba jambo kubwa huwekwa juu. Sasa liko juu. Nikueleze yaliyobaki.

Hotuba ya Toroli, ile ya Maganga, unaijua. Watoto wote wa Korogwe wa umri wako mliijua, mlikuwa mkiicheza kama wengine wanavyocheza harusi. Lakini unaijua kwa midomo ya watu, nawe hukuwapo, kwa hiyo nianze na yale ambayo midomo huyaruka.

Ulikuwa mwaka ambao mashamba ya mkonge ya serikali yalianza kutafutiwa wanunuzi. Shamba la ng'ambo ya mto lilikuwa limelala misimu mitatu. Korona, ile mashine ya kukamua majani, ilikuwa imeota kutu, na nusu ya mkonge ilikuwa imemezwa na pori. Habari zilipofika kwamba tajiri mpya anakuja kulichukua, makundi mawili yalishtuka kwa wakati mmoja. La kwanza ni wakata mkonge waliokuwa bado wanaishi kambini, wengi wao Wanyamwezi. Wao au baba zao waliletwa kwa mkataba, wakazaa pale, wakazikana pale, wakalima bustani kando ya mto. La pili ni sisi Wazigua wa vijiji vya jirani, ambao babu zetu waliondolewa kwenye ardhi ile ili mkonge upandwe. Sisi tulisema shamba likifa, ardhi irudi kwa wenyewe. Wao walisema kambi ni yao, wameilipia kwa migongo.

Jumapili moja makundi yote mawili yalijikuta kwenye uwanja wa mpira wa kambi. Hakuna aliyeitisha mkutano. Kila upande ulikuja kuona wenzao wamekuja na nini, na kila upande ulikuja na mapanga. Kwa mkata mkonge na kwa mkulima, panga ni kifaa cha kazi. Lakini ilikuwa Jumapili.

Nilikwenda kama mwandishi. Mama yako alikwenda kwa sababu alikuwa akifundisha shule ya kambi na aliwahofia wanafunzi wake. Wewe uliachwa kwa jirani.

Sasa nifike mahali ambapo sijawahi kukusimulia. Kabla ya Maganga kusema, nilisema mimi.

Mzee Mhina, aliyekuwa mkubwa wa upande wetu, ndiye aliyenisukuma. "Huyu kijana wetu kasoma, anazijua sheria. Apande aseme." Pembeni ya uwanja ilipita reli nyembamba ya kubebea majani ya mkonge, na juu yake kulikuwa na toroli lililoachwa. Ningekataa. Mahali pa mwandishi ni chini, na kalamu. Lakini nilikuwa nimekaa chini ya wasemaji kwa miaka kumi na mitano, nikiwarekebishia sarufi zao usiku ili waonekane watu wa maana asubuhi, na siku zote nilijiambia kwamba ningepewa nafasi ningewashinda wote. Nikapanda.

Nilisema kwa dakika thelathini na mbili. Nilitaja aina ya hati ya shamba, muda wake, mipaka yake, nani ana mamlaka ya kuuza na nani hana. Kila nilichosema kilikuwa sahihi. Nimekipitia kichwani mara nyingi tangu siku ile na sijaona kosa. Dakika ya kumi watu walianza kusalimiana. Dakika ya ishirini bibi mmoja wa upande wetu aliniita kwa upole kabisa:

"Mwanangu, shuka. Jua kali, utaumwa kichwa."

Walicheka pande zote mbili. Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana siku ile. Nami nikaendelea kwa dakika kumi na mbili zaidi.

Kisha akaja Maganga. Wewe umemjua kwa jina la Mtani, mzee wa Kang'ata kule Handeni anayekuletea mahindi ya kuchoma. Wakati ule alikuwa mkata mkonge, suruali yake imekauka utomvu mpaka magotini, na jicho la kushoto lilikuwa limeshatobolewa na mwiba wa jani. Hakuwa na cheo chochote kambini isipokuwa kwamba watu walimngoja aseme. Alisogea hadi kwenye toroli, akaninyooshea mkono kunisaidia kushuka, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Asante, mtani. Umewachosha vizuri. Sasa hawana nguvu ya kunipiga."

Tazama alichokifanya. Alikiokota kile kilichoniaibisha akakifanya ngazi yake ya kupandia. Hakunidharau, alinitumia tu, na mpaka leo sijaamua lipi linauma zaidi.

Nilitoa daftari. Hati mkato haina alama ya kicheko, kwa hiyo zamani nilijitungia yangu, kiduara kidogo pembeni mwa mstari. Maganga alisema kwa dakika kumi na tisa. Kwenye daftari langu kuna viduara kumi na kimoja.

Alianza hivi, na haya nayanakili kutoka daftarini, si kutoka kichwani:

"Wazigua, watani zangu, ninyi mlionizikia mke wangu, leo nimekuja kuwatukana. Kuna anayenikataza?"

"Tukana!" wakajibu.

"Mtu akinuna nashuka."

"Tukana, mpagazi we!"

"Haya. Ninyi ndio watu mliouza watoto wenu kwa pishi ya mahindi mwaka wa njaa. Mtu aliyeuza mtoto, leo anaililia ardhi?"

Yule bibi aliyeniambia nishuke alikuwa wa kwanza kumrukia. "Na babu yako ndiye aliyewabebea mizigo hao walionunua! Alilipwa nini?"

"Kaniki, bibi. Nayo ilikuwa imetoboka!"

Hapo pana viduara viwili, kimoja juu ya kingine, kwa sababu kimoja hakikutosha. Unajua utani wetu na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara. Mtu mzima wa Kizigua anaweza kuambiwa na Mnyamwezi jambo ambalo akiambiwa na ndugu yake angemshtaki. Maganga hakulibuni. Alichokifanya ni kulipeleka mahali ambapo hakuna aliyefikiri linaweza kwenda, kwenye uwanja wenye mapanga. Watu walipokwisha kumjibu tusi kwa tusi, walikuwa tayari wameingia ndani ya sheria za utani, na ndani ya sheria hizo mtu hapigwi.

Ndipo akateremsha sauti. "Basi bibi, nijibu. Wewe uliuza, mimi nilibeba. Nani alikula?"

Akanyamaza. Nilitazama saa yangu, kwa sababu kutazama saa ndiyo kazi yangu. Alinyamaza kwa sekunde nane. Jaribu siku moja kunyamaza sekunde nane mbele ya umati uliokuja kupigana. Mimi ningezijaza kwa tarehe.

Kisha akasema: "Mnasema ardhi hii ni yenu kwa sababu babu zenu wamo ndani yake. Kweli. Mimi babu yangu hayumo. Limo jicho langu." Akanyoosha kidole, si kwenye uso wake, bali upande wa mashariki wa shamba, kwenye kitalu ambako mwiba ulimtoboa. Watu wote waligeuka kutazama kule, kana kwamba lingeonekana. Msemaji wa kawaida angejionyesha uso ili ahurumiwe. Yeye aliwaonyesha mahali, kama shahidi anayeonyesha mpaka, nao wakamwamini kama anavyoaminiwa shahidi.

Halafu akamwita mzee Mhina.

"Mzee Mhina, siku namzika mke wangu ulifanya nini? Waambie watoto hawa, hawajui."

"Nililala ndani ya kaburi," Mhina akajibu. "Nikasema sitoki mpaka niletewe jogoo."

"Ukaletewa?"

"Ukaniletea kuku mgonjwa, mchoyo we."

Kiduara. Kisha Maganga akasema maneno ambayo ninyi watoto mlikuwa mkiyasema kwa kupokezana: "Nilicheka, jamani. Siku ya kumzika mke wangu nilicheka, kwa sababu Mzigua huyu alikuwa amelala mahali pake akibishana nami habari za jogoo. Sasa mtu aliyelipasha moto kaburi lile kwa mgongo wake kabla mke wangu hajaingia, mimi nimwambie hana haki na udongo huu? Au yeye aniambie niondoke, nimwache mke wangu peke yake?"

Hapo hakuna kiduara. Sikuwa na alama ya kilichotokea, nikaandika kwa maneno: Mama Zuhura analia. Ndivyo ilivyo kwenye daftari. Katika miaka yote ya kazi ni mara moja tu niliandika jina la mtu wa nyumbani kwangu kwenye daftari la habari.

Alipokwisha kuwashika moyo, ndipo akaleta hesabu, na aliileta mwisho, wakati mimi nilianza nayo. "Tukimwendea tajiri makundi mawili, atauliza nani ni nani. Tukimwendea kundi moja, atauliza tunataka nini. Mimi napenda swali la pili." Akapendekeza vitalu vya mashariki vilivyomezwa na pori viombwe kwa ajili ya Wazigua, nyumba za kambi na bustani za mtoni zibaki kwa waliokuwamo. Watu watatu wa huku na watatu wa huku, barua moja. "Na barua aiandike huyu mtani wetu aliyesoma. Sheria zake zote nilizisikia. Zilikosa tu pa kukaa."

Watu wakarudi kwao na mapanga yao. Hayakukata kitu.

Njiani, tulipofika darajani, mama yako akasema, "Leo nimemsikia mtu akisema."

"Na mimi?" nikamuuliza.

Akafikiri. Wasambaa wa Vugiri hawadanganyi hata pale inapofaa. "Wewe ulisema ukweli," akasema.

Mwanangu, nimewahi kuonewa wivu na nimewahi kuwaonea watu wivu, na najua kwamba mara nyingi unapita kama mafua. Huu haukupita. Ulikuwa na sauti yake na ilikuwa sauti ya mke wangu. Nisingejali kama Maganga angekuwa mtu wa vitabu. Lakini hakujua kusoma, na kila kitu nilichokuwa nimejifunza kwa taabu kuhusu maneno, yeye alikuwa nacho mkononi kama panga lake.

Wakati ule magazeti ya watu binafsi yalikuwa ndiyo yanaanza kuchipuka Dar es Salaam, na moja lilikuwa limeniomba habari za huku. Mhariri alitaka habari kali, ndiyo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa huyo mhariri. Lakini hakuniambia nikate kitu. Hakuwa hata amejua kuna mkutano.

Niliandika mara mbili. Mara ya kwanza niliandika yote, pamoja na kicheko, bibi, jicho, kaburi na sekunde nane. Nikaisoma. Ilikuwa habari bora kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndani yake nilikuwamo kwa sentensi moja, mtu aliyeambiwa ashuke. Nikaichana.

Mara ya pili niliondoa "watani zangu". Nikaondoa "ninyi mlionizikia mke wangu". Nikaondoa swali lake kwa watu na jibu la watu. Nikamwondoa bibi na babu mpagazi na kaniki. Lililobaki ni kwamba mkata mkonge mmoja kutoka kambini alipanda juu ya toroli akawaambia Wazigua kwamba waliuza watoto wao kwa pishi ya mahindi, na akahoji vipi watu wa namna hiyo wanadai ardhi. Chini yake nikaweka mapendekezo yake kwa ufupi. Nikamwomba mhariri asiweke jina langu. Nikafunga bahasha, nikampa kondakta wa basi la asubuhi.

Sikuongeza hata neno moja. Kila neno lililochapwa, Maganga alilisema. Hilo ndilo lililonikinga miaka yote hii. Hakuna ambaye angeweza kunionyesha mstari na kusema hapa umedanganya. Waliokuwapo walisema gazeti limepotosha, lakini walipoulizwa limepotosha wapi, walibaki wanaelezea kicheko, na kicheko hakielezeki kwa mtu ambaye hakukisikia.

Wiki iliyofuata nilikwenda Handeni mjini kwa shughuli nyingine. Kwenye duka moja la Mhindi, watu walikuwa wamelizunguka gazeti na kijana mmoja alikuwa akisoma kwa sauti. Nilisimama nyuma nikangoja sukari yangu.

"Mnyamwezi gani huyu?" mmoja akauliza.

"Si watani zetu hao?" akasema mwingine. "Labda alikuwa anatania."

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma akatikisa kichwa. "Mtani anakutukana msibani, mnatazamana, nawe unamjibu. Nani anaweza kulijibu gazeti? Huyu hakutania. Huyu katutukana, kaondoka."

Mwenye duka aliniuliza kama nimesikia habari hiyo. Nilisema nimeisikia. Nikalipa, nikatoka.

Mzee yule hakujua, lakini alikuwa amesema kosa langu kwa usahihi kuliko ambavyo ningeweza kulisema mimi. Nilikuwa nimechukua jambo ambalo halisemwi bila mtu wa kulijibu, nikaling'oa majibu yake. Ni kosa ambalo mwandishi wa Dar asingeweza kulifanya, kwa sababu asingejua wapi pa kukata. Mimi ni Mzigua. Nilijua.

Yaliyofuata unayajua kwa sehemu. Maganga aliitwa na wakubwa akatakiwa ajieleze, na alipojieleza aliambiwa asionekane tena kwenye wajumbe. Wazigua wa mbali, wale waliosoma tu, waliwashinikiza wa huku wasiende pamoja na watu wa kambi. Mzee Mhina alibishana nao hadi sauti ikamkauka. Wakaenda makundi mawili, na tajiri aliuliza nani ni nani, kama ilivyotabiriwa. Barua moja niliyopewa kuiandika haikuandikwa. Bustani za mtoni zilizungushiwa waya. Vitalu vya mashariki havikurudi kwa mtu yeyote. Kaburi la mke wa Maganga liko ndani ya waya ule mpaka leo, na ili kulizuru ni lazima aombe ruhusa kwa mlinzi.

Alipotoka kambini alikwenda Kang'ata, na aliyempa shamba pale ni ukoo wa mzee Mhina. Watu niliosema kawatukana ndio waliomkaribisha. Hilo nalo nililionea wivu. Nilijiuliza, mimi Mzigua mwenzao nikifukuzwa, nani angenipa shamba?

Kisha likaja jambo ambalo sikulitarajia, nalo ni wewe.

Hotuba ilibaki midomoni. Waliokuwapo waliwafundisha watoto wao, nanyi mkaicheza uani. Ulikuwa na miaka kumi hivi. Ulipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukafumba jicho la kushoto, ukasema, "Limo jicho langu," ukanyamaza. Nilikuwa dirishani. Nilitazama saa. Ulinyamaza sekunde sita. Mtoto wa miaka kumi, sekunde sita, na hakuna aliyekufundisha. Ningepaswa kufurahi. Nilichofikiri ni kwamba kwa miaka yote ulikuwa umeniona nikiandika mezani kila siku na hujawahi hata mara moja kuniigiza.

Na Maganga akawa anakuja. Kila baada ya mavuno, na gunia lake, akianza kelele tangu barabarani: "Mzigua! Bado hujaniuzia mtoto huyu? Nimeleta pishi ya mahindi!" Wewe ukimkimbilia na kusema, "Shikamoo Mtani," naye akikataa kuitika mpaka umtukane kwanza. Mama yako akicheka jikoni. Nilicheka pia. Ukinitazama usoni usingeona kitu. Nimehudhuria mikutano mingi mno nikiwa na uso ule.

Unaikumbuka siku uliyomuuliza. Ulikuwa kidato cha pili, umeikuta nakala ya gazeti lile imefungiwa vitumbua sokoni. Ukaisoma mbele yetu sote kwa hasira. "Nani kaandika hivi? Mtani, nani huyu Mwandishi Wetu?"

Maganga aligeuza jicho lake moja akanitazama. Hakutazama kwa muda mrefu. "Mimi sijui kusoma, mtani wangu," akakuambia. "Muulize baba yako, yeye ndiye anayewajua waandishi."

Ukaniuliza. Nikasema, "Mtu mmoja tu. Aliacha kazi zamani."

Sijui kama alijua. Nimeichambua sentensi ile jinsi nilivyozichambua nyingine zake zote, kutafuta mahali palipofichwa kisu, na sijapaona. Inawezekana alikuwa akinipa nafasi ya kujibu, kama bibi yule alivyopewa nafasi. Mtani hupewa zamu yake. Niliitumia yangu kusema uongo mfupi, na tangu hapo kila gunia la mahindi lililoingia nyumba hii nimelila nikihesabu.

Kesho unakwenda kufanya kazi niliyoifanya, na utaifanya vizuri kuliko mimi, nalo nimelionea wivu pia, lakini huo ni wivu ambao ninaweza kuishi nao. Kuna jambo moja nililolijua siku ile na nikalikanyaga, nikuachie. Ukisikia msemaji anawashika watu, usiandike maneno yake tu. Andika alikuwa anamwambia nani na huyo mtu alijibu nini. Andika waliponyamaza. Maneno ya Maganga nilikuwa nayo yote na sikuwa na hotuba, kwa sababu nusu yake ilikuwa kwa wale waliokuwa wamesimama juani. Utakutana na wahariri watakaokuambia kicheko hakina nafasi kwenye safu. Kipiganie. Na siku utakapojikuta unakata kitu upesi, bila kusita, mkono ukiwa mwepesi kuliko kawaida, simamisha kalamu ujiulize ni nani huyo unayetaka ashuke.

Daftari lenyewe liko ndani ya begi, limefungwa kwa uzi. Kwa kuwa hujui hati mkato, nimeinakili hotuba nzima kwa hati ya kawaida kwenye kurasa za nyuma, pamoja na hotuba yangu ya dakika thelathini na mbili, ambayo hakuna aliyeniomba. Viduara nimeviweka mahali pake. Mama yako nitamweleza mwenyewe kesho, ukishaondoka. Nimemnyang'anya miaka kumi ya kumjua mtu anayelala naye, na hilo halipelekwi kwa barua.

Huna haja ya kuanzia kwenye chumba cha magazeti ya zamani. Shuka Segera, kamata gari la Handeni, nenda Kang'ata. Gazeti litakusubiri siku mbili. Msomee Maganga daftari lote kwa sauti, tangu "watani zangu", usiruke mahali, maana hajawahi kusomewa hotuba yake kama alivyoisema. Kisha iandike, na uichape. Waya ule wa mtoni ulizungushwa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Sina hakika kama ukurasa mwingine unaweza kuufungua, lakini wako watu wa kambi waliobaki na wazee wa Kizigua waliobaki ambao wanaweza kwenda kundi moja hata sasa, wakiwa na kitu cha kuonyesha. Lifanye kabla hawajaisha.

Na ukiandika, usiniite mwandishi mmoja. Usiniite mkazi wa Masuguru. Weka jina langu lote, la kwangu, la baba yangu na la babu yangu, na useme kwamba ni baba yako. Watakushauri usiseme. Sema.

Ombi langu ni moja, na ni la mtu mwenye wivu, kwa hiyo uliheshimu au uliache, kama upendavyo. Ukimaliza kumsomea, Maganga atasema neno. Inawezekana atasema amenisamehe, au alijua siku zote, au atatukana tu na kucheka. Lolote atakalolisema, liandike kwenye daftari lako, lakini usiniletee. Najua atakuwa amelisema vizuri kuliko nilivyolisema mimi katika kurasa zote hizi.

Baba yako